Maswali yenu: Kenya Open ilianzaje, na mbona kombe halijawahi kubaki nyumbani?

Toleo lililopita tuliweka kapicha kadogo ka kombe la Kenya Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Nairobi, na maneno mawili chini yake, bas. Barua zilivyoanza kuingia hazijakoma mpaka leo, wengine WhatsApp, wengine baruapepe, na mzee mmoja alipiga simu ofisini saa mbili asubuhi akitaka tumthibitishie mwaka. Kwa hiyo mwezi huu safu yote ni ya gofu. Zilizofanana nimeziunganisha, zingine nimezifupisha, wenyewe mtanisamehe.

"Baba yangu alikuwa kedi, mbeba mikoba ya wachezaji gofu, klabu ya Muthaiga, Nairobi, tangu ujana wake. Kila tukikaa naye anasema alimwona Seve Ballesteros akicheza pale kabla dunia haijamjua. Wajukuu wanamcheka. Ni kweli Seve alikuja Kenya? Na haya mashindano yalianza lini hasa?" (Msomaji, Thika)

Mwambie mzee atulie, wajukuu ndo wana deni la kumwomba msamaha. Seve, yule Mhispania, hakuja kutembea tu, alishinda Kenya Open mwaka 1978. Alikuwa na miaka 20, ilikuwa mwezi wa tatu na yeye anatimiza 21 mwezi wa nne, na hazikupita wiki nyingi akawa ameshavuka bahari akashinda mashindano ya Greensboro kule Marekani, alafu 1979 akabeba The Open ya Uingereza, 1980 akavaa koti la kijani wanalopewa mabingwa wa Masters ya Marekani, na hayo mawili ni kati ya mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Mzee wako amekosea kidogo tu hapo kwa "kabla dunia haijamjua", manake 1976 Seve akiwa na miaka 19 alishamaliza wa pili kwenye The Open, kwa hiyo wenye kufuatilia gofu walimjua. Lakini kumwona kwa macho yako, hatua chache, ukiwa Muthaiga, hiyo si hadithi ya kuchekwa.

Mashindano yenyewe yalianza 1967 hapo hapo Muthaiga, na mshindi wa kwanza alikuwa Mwingereza Guy Wolstenholme. Hebu piga hesabu. Uhuru ni Desemba 1963, kwa hiyo nchi haijafikisha hata miaka minne. Klabu za Nairobi zilijengwa na walowezi kwa ajili ya walowezi, Royal Nairobi ipo tangu 1906, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa kazi, kukata nyasi, kupika, kubeba mkoba. Wageni wanapiga mpira, wenyeji wanabeba. Ukisoma historia ya Kenya Open bila kuwaona hao waliobeba utakuwa umesoma nusu.

1968 na 1969 akashinda Maurice Bembridge, Mwingereza mwingine, alafu akarudi 1979 akashinda tena, mara tatu, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Huyu huyu Bembridge siku ya mwisho ya Masters ya 1974 alipiga mikwaju 64 tu pale Augusta, uwanja wa Masters, akafikia rekodi ya uwanja ya wakati huo (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo mshindi). Na sasa shika hii umwambie mzee, atafurahi: washindi watatu wa Kenya Open walikuja kushinda Masters baadaye. Seve tumeshamsema. Ian Woosnam wa Wales alishinda Kenya 1986, akashinda Masters 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda Kenya mwaka 2000, akashinda Masters 2008.

Nakuomba kitu kimoja. Kaa na mzee umuulize alimbebea nani mkoba miaka hiyo, aliambiwa nini, alilipwa ngapi, na umrekodi hata kwa simu. Majina ya washindi tunayo yote, ya makedi wao sijawahi kuona yameandikwa mahali.

"Mimi niko Lubumbashi. Wakubwa wetu wanasema zamani Wazungu wa gofu walikuwa wanakuja kucheza hapo ngambo, Mufulira na Ndola, na kisha wanaenda Kenya. Hii ilikuwa kitu kimoja ao ni bahati tu?" (Msomaji, Lubumbashi)

Kitu kimoja kabisa ndugu yangu, na nimefurahi swali hili limetoka kwenu wa jirani na mpaka. Ilikuwa inaitwa Safari Circuit.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ya 70 msimu wa gofu Ulaya ulikuwa unaanza Aprili. Januari mpaka Machi kule ni theluji na mvua, viwanja vimejaa maji, na mchezaji wa kulipwa wa Kiingereza au wa Ireland anakaa nyumbani bila kipato, kwenda kucheza Marekani ni gharama na ruhusa yenyewe shida. Afrika jua linawaka. Bas wakawa wanafunga mikoba wanakuja, wanazunguka Nigeria, Ivory Coast, Zambia, Kenya, wiki hii hapa wiki ijayo pale, na pesa ya zawadi ilikuwa inatosha kumfanya mtu asafiri. Zambia haikuwa na Zambia Open peke yake, Mufulira kulikuwa na Mufulira Open na Ndola kulikuwa na Cock o' the North, na hiyo yote ilikuwa nguvu ya pesa ya migodi ya shaba. Hao ndio wakubwa wenu walikuwa wanavuka kwenda kuwaona.

Na haikuwa gofu ya kistarehe. Nigeria sehemu nyingi hakukuwa na grini ya nyasi, yaani ile sehemu laini yenye shimo, shimo lilikuwa kwenye mchanga uliochanganywa na mafuta, wanaita brauni, mpira ukishapita unabaki mstari na inabidi mtu asawazishe ndo mwingine apige. Kijana aliyezoea nyasi za Scotland anafika pale anaanza kujifunza upya. Lakini angalia waliotoka humo: Sam Torrance alishinda Zambia Open 1975, Sandy Lyle alishinda Nigeria 1978, mwaka ule ule ambao Seve alishinda Nairobi. Lyle naye akaja kushinda The Open na Masters. Ile Ryder Cup, mashindano ya timu ya Ulaya na ya Marekani, ya miaka ya 80 Ulaya ilipoanza kuipiga Marekani, kwenye kikosi kulikuwa na watu waliovuja jasho Lagos, Lusaka na Nairobi. Hili huwa halisemwi, na mimi nalisema kila nikipata nafasi.

Ilikufaje? Bei ya shaba ilianguka, pesa zetu zikashuka thamani, na huku Ulaya wenyewe wakaanza kurefusha msimu wao mpaka Ghuba, Dubai wakaanza mashindano yao 1989, kwa hiyo mchezaji akawa na pa kwenda wakati wa baridi bila kupita kwetu. Wengine wakafunga. Kenya ikanusurika kwa sababu 1991 iliingia kwenye Challenge Tour, ile ligi ya pili ya Ulaya, ikakaa humo miaka mingi.

"Nacheza Nyali, handikapu yangu 18. Kila nikipanda Nairobi fimbo namba 7 inapitisha mpira grini nzima na nikitumia namba 8 naambiwa nimeroga. Kuna nini?" (Msomaji, Mombasa)

Kwa wasiocheza, handikapu ni kipimo cha uwezo wa mchezaji, ndogo ndo nzuri, na fimbo namba ikiwa kubwa mpira unaenda karibu zaidi. Hakuna uchawi, ni mwinuko. Nyali uko kwenye usawa wa bahari, Nairobi uko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, mpira haukutani na upinzani mwingi kwa hiyo unaenda mbali zaidi, kama asilimia 8 mpaka 10 hivi. Ukipiga yadi 150 nyumbani, Muthaiga hesabu 160 na kitu. Wageni wa Kenya Open siku mbili za kwanza wanazimaliza renji, uwanja wa mazoezi, wanapiga na kuandika, namba 9 inafika wapi, namba 6 inafika wapi, alafu wanamuuliza kedi, na kedi wa Nairobi yote hayo anayo kichwani.

Ila mwinuko unakupa, nyasi zinakunyang'anya. Zile nyasi nene za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu na leo zimepandwa mpaka uwanja wa Riviera kule Los Angeles, zinashika fimbo shingoni. Nilikuwa Muthaiga 2024 nyuma ya kamba, mchezaji mmoja mgeni mpira wake umelala hatua moja tu nje ya grini, umezama, unaona weupe kidogo kama jino. Akapiga kwa upole, fimbo ikaingia ikakwama, mpira ukaruka kama urefu wa mkono ukatulia. Akaangalia fimbo yake, majani yamejifunga pale kama uzi. Safari ya pili akaifikisha grini. Kedi wake, mtu mzima wa hapa hapa, akachuchumaa, akatazama muda, akanyoosha kidole akamwonyesha mahali, kama kiganja kimoja nje ya shimo upande wa kushoto. Mimi nilikuwa naona njia imenyooka kabisa. Mchezaji naye nadhani aliona kama mimi maana alisita, lakini akatii, mpira ukaenda nje alafu ukapinda wenyewe ukaingia. Hakuna aliyempigia kedi makofi. Mimi nilimpigia.

"Sisi Wakenya tunashinda marathon dunia nzima, mbona gofu nyumbani kwetu inatushinda miaka yote hii? Si ni aibu? Nani alaumiwe?" (Msomaji, Eldoret)

Swali hili limekuja mara kumi na mbili kwa maneno tofauti, nimechagua lako kwa sababu lina hasira na mimi hasira hiyo naielewa.

Kwanza ukweli. Tangu 1967 mpaka 2025 hakuna Mkenya aliyeshinda Kenya Open. Aliyekaribia kuliko wote ni Jacob Okello mwaka 1998, alilingana na Ricardo González wa Argentina baada ya siku nne, wakaenda kwenye mashimo ya nyongeza, González akachukua. Mpaka leo ukikaa na watu wa gofu Nairobi ukataja 98 watu wananyamaza kidogo kwanza ndo wanaongea.

Sasa sababu. Wewe uko Eldoret, unajua mwanariadha anahitaji nini. Barabara ipo, ni bure, kilima kipo, ni bure, na wenzake wa kukimbia nao ni mia wanapita alfajiri mlangoni kwake. Mtoto wa gofu uwanja wake una geti, ndani ni klabu ya wanachama, na njia yake ya kuingia kwa miaka mingi ilikuwa moja, kubeba mkoba. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walipita hapo. Klabu nyingi zina siku ya makedi, mara nyingi Jumatatu uwanja ukiwa umefungwa kwa wanachama, hiyo siku moja ndo unacheza, na fimbo za kuazima, hii ya huyu ile ya yule, wengine walianza na fimbo ya mti waliyoichonga. Kwa mtaji huo mtu anafika kucheza chini ya kiwango cha uwanja! Nani mwenye aibu hapo? Mimi nawavulia kofia.

Alafu akishakuwa mchezaji wa kulipwa anakula nini? Mashindano yenye pesa yalikuwa machache kwa mwaka, kwa hiyo anafundisha wanachama asubuhi mpaka jioni ndo apate kodi ya nyumba. Mgeni anayekuja Machi anacheza wiki ishirini na zaidi kwa mwaka, kila wiki presha, kila wiki Ijumaa ya mchujo. Huu mchujo kwa msiojua, baada ya siku mbili wanabaki kama 65 hivi na waliolingana nao, wengine kwaheri na mfuko mtupu. Wenyeji wengi wanarudi nyumbani Ijumaa jioni, si kwamba hawajui kupiga mpira, Alhamisi utawaona wanapiga vizuri tu, ni kwamba kwa wengi wao hiyo ndo wiki pekee ya mwaka ya ukubwa huo. Huwezi kujifunzia presha siku ya mtihani.

Ukitaka ushahidi angalia Afrika Kusini. Immelman 2000, Jake Roos 2014, Haydn Porteous 2015, Justin Harding 2021, Jacques Kruyswijk 2025, wote wameshinda Kenya. Wana mwinuko kama sisi, Johannesburg iko juu karibu sawa na Nairobi, nyasi za Kikuyu wanazo, jua wanalo. Tofauti ni kwamba wana Sunshine Tour yao, mzunguko wa mashindano wa mwaka mzima, kijana anatoka shule anaingia humo anapigwa anapigika mpaka anakomaa.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alaumiwe, sitamtaja mchezaji hata mmoja. Nitasema tulijenga kilele tukasahau ngazi. Nashukuru ngazi imeanza kujengwa, waandaaji wa Kenya Open walianzisha Safari Tour mwaka 2018, wakarudisha lile jina la zamani, mashindano madogo madogo klabu mbalimbali, wachezaji wa Uganda, Tanzania na Rwanda wakaalikwa, na ukifanya vizuri humo unapata nafasi ya kucheza Kenya Open. Tangu 2024 wameungana na wale wale wa Sunshine kwenye mzunguko wa maendeleo wa Afrika Mashariki. Hii ni dawa sahihi. Ila inataka miaka, na inataka wafadhili wasikimbie baada ya misimu miwili. Hapo ndo pa kuweka hasira yako, waandikie wafadhili.

"Ni kweli kuna bingwa wa Kenya Open ambaye mama yake ametoka Kenya? Huku kwetu Leicester wazee wanajivunia sana." (Msomaji, Leicester, Uingereza)

Ni kweli, na wana haki ya kujivuna. Ni Aaron Rai, kijana wa Wolverhampton, alishinda Muthaiga 2017. Mama yake alitoka Kenya kwenda Uingereza miaka ya 70, na wiki ile ya ushindi alikuwepo Nairobi, ndo mara yake ya kwanza kurudi tangu aondoke. Fikiria unarudi nchi uliyoiacha ukiwa mdogo na mwanao anaokota kombe lake. Rai utamtambua hata kwa mbali, anavaa glavu mikono yote miwili, na kila fimbo yake ina mfuniko, kwa sababu utotoni baba yake alimnunulia seti ghali kwa kujinyima, wakimaliza mazoezi baba anasafisha kila mfereji wa fimbo kwa pini na mafuta ya mtoto. 2024 Rai alishinda Wyndham Championship kwenye PGA Tour ya Marekani. Nakubaliana na wazee wa Leicester, kidogo ni wetu.

"Mnaandika wanaume tu. Hapa kwetu Vipingo wanawake wa Ulaya walikuja kucheza, mbona hamsemi?" (Mama msomaji, Kilifi)

Mama umenikamata, haya tuseme. Magical Kenya Ladies Open ilianza Desemba 2019 Vipingo Ridge, ikiwa kwenye mzunguko wa wanawake wa Ulaya, na Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda, na ushindi huo ndo ukamfanya amalize msimu akiwa namba moja Ulaya nzima, akiwa mwaka wake wa kwanza! 2023 Aditi Ashok wa India alishinda kwa tofauti ya mikwaju tisa, hiyo sio kushinda ni kuhama. Upepo wa bahari pale unasumbua kuliko banka zote, yale mashimo ya mchanga. Haya mashindano yanahitaji makala yao wenyewe na nimeshamwambia mhariri, nitakuja Kilifi nikuone.

"Tangu yapande daraja nani wameshinda, na bingwa anaondoka na ngapi? Hapa Kampala tunabishana." (Msomaji, Kampala)

Yalipanda 2019, kutoka Challenge Tour kwenda European Tour yenyewe, ambayo tangu 2022 inaitwa DP World Tour. Mfuko wa zawadi ukaruka kutoka yuro 500,000 mpaka yuro milioni 1.1 kwa mara moja. Mwaka huo ilichezwa Karen, pale palipokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, akashinda Mwitaliano Guido Migliozzi kwa mkwaju mmoja. Mmoja wa waliokosa kwa huo mkwaju mmoja alikuwa Justin Harding. 2020 korona, ikaahirishwa siku chache kabla ya kuanza. 2021 Harding akarudi Karen akamaliza kazi aliyoiacha, safari hii bila watazamaji, na wiki iliyofuata wakacheza mashindano mengine pale pale, Kenya Savannah Classic, akashinda Daniel van Tonder, naye Mwafrika Kusini. 2022 wakarudi Muthaiga akashinda Wu Ashun wa China, 2023 Jorge Campillo wa Hispania, 2024 Darius van Driel wa Uholanzi, 2025 Kruyswijk.

Pesa: 2025 mfuko ulikuwa dola milioni 2.5, bingwa akachukua dola 425,000. Kwa shilingi ya Kenya ni zaidi ya milioni 50, kwenu Uganda ni bilioni moja na nusu hivi.

Lakini mkimaliza kubishana juu ya bingwa, mtafuteni huyu wa 2024 aliyemaliza wa pili pamoja na mwingine, anaitwa Joe Dean, Mwingereza. Alikuwa na kadi ya kucheza ligi kubwa lakini hakuwa na nauli, mashindano mengine ya mwanzo wa msimu aliyaacha kwa sababu ya gharama, kazi yake nyumbani ilikuwa kuendesha gari la supamaketi anapelekea watu vyakula mlangoni. Akaja Nairobi. Akaondoka na kama yuro laki mbili. Watu wa zamani wa Safari Circuit wangemtambua mara moja, kijana wa Kiingereza mfuko mwepesi anakuja kutafuta maisha Afrika mwezi wa pili.

"Nina miaka 16, nakaa Kibera, nabeba mikoba wikendi. Nacheza kidogo na watu wanasema niko sawa. Nifanye nini ili siku moja nicheze Kenya Open?" (Msomaji, Nairobi)

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeiweka mwisho makusudi ili nikujibu bila haraka.

Usikose siku ya makedi hata moja, hata mvua ikinyesha. Siku hiyo nusu ya muda ukae kwenye grini ya mazoezi, usipoteze saa zote kupiga mbali ili wenzako washangae, maana mikwaju mingi inapotelea karibu na shimo. Ukiwa unabeba, uliza. Mwanachama mzuri atakujibu, ukimwambia "mzee, hapo kwa nini umechukua namba 8 na si 9" atafurahi kwamba unafuatilia. Shule usiache, masomo yana njia yake kwenye gofu, vijana wengi wanapata kucheza vyuo vya Marekani kwa ufadhili na bila vyeti huendi.

Alafu watafute Junior Golf Foundation, hao ndo wanashughulika na vijana, waulize namna ya kupata handikapu rasmi kwa umri wako, bila handikapu huandikishwi kwenye mashindano ya ridhaa na bila mashindano hakuna atakayejua upo. Golf Park pale Ngong Racecourse wanapokea watu wasio wanachama, na kwako si mbali. Na Kenya Open ijayo omba kazi mapema, ya kubeba, ya kushika bango la alama, ya kutafuta mipira kwenye nyasi, yoyote, ili siku nne uwe ndani ya kamba.

Fimbo: niandikie tena urefu wako na kama unapiga kulia au kushoto. Kuna msomaji wa Thika hapo juu, baba yake alikuwa kedi Muthaiga, nimeshamuuliza kama mzee ana seti ya zamani amelaza na amesema atamuuliza Jumapili.